Kuandaa daftari la mabadiliko kwa akili mnemba kutoka historia ya Git: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya yamekusudiwa watengeneza programu wa Mwanza na wilaya za kando ya Ziwa Viktoria wanaotunza programu zinazotumika kila siku, ziwe za mizani ya samaki, malipo ya wavuvi, stoo ya duka au tiketi za kivuko. Mifano mingi imetoka katika programu ya kupokelea samaki mwaloni, kwa sababu huko badiliko dogo la msimbo huonekana mara moja katika fedha anayolipwa mtu. Git ni programu inayohifadhi historia ya kila badiliko la msimbo. Neno komiti litamaanisha badiliko moja lililohifadhiwa katika Git pamoja na ujumbe wake, na tegi ni alama inayobandikwa kwenye komiti ili kuonyesha kuwa hapo ndipo toleo fulani lilipotolewa.

Daftari la mabadiliko lina tofauti gani na historia ya Git yenyewe?

Historia ya Git huandikwa na mtengeneza programu kwa ajili ya mwenzake. Inaonyesha nani aligusa faili gani, siku gani na kwa ujumbe upi, na hivyo ndivyo Linus Torvalds alivyoikusudia alipoiandika mwaka 2005 kwa ajili ya wanaojenga kiini cha mfumo endeshi wa Linux. Daftari la mabadiliko, kwa upande mwingine, huandikwa kwa ajili ya anayetumia programu: karani wa mwaloni Kirumba, mhasibu wa kiwanda cha minofu, au wakala wa Nansio anayetaka kujua nini kitakuwa tofauti kesho alfajiri atakapowasha kompyuta yake. Mradi wa programu huria wa GNU umetenganisha mambo hayo mawili kwa miaka mingi, kwa kuweka faili moja la mabadiliko ya msimbo na jingine la habari kwa watumiaji.

Anayewapa watumiaji orodha ya komiti kama ilivyo anawakabidhi kazi yake mwenyewe ya kuchambua. Kati ya komiti mia moja, huenda zinazomhusu karani ni tano tu. Nyingine ni kupanga upya msimbo, kuongeza majaribio, kusahihisha tahajia na kuhuisha maktaba tegemezi, yaani msimbo wa watu wengine ambao programu inautegemea.

Je, vyombo vya kawaida visivyo na akili mnemba havitoshi?

Mara nyingine vinatosha kabisa, na ni vyema kulisema hilo mapema. Vipo vyombo kama git-cliff, conventional-changelog na semantic-release, ambavyo husoma ujumbe wa komiti na kuupanga kwa kanuni. GitHub, tovuti ya kutunzia msimbo wa Git, nayo inaweza kuandaa orodha ya maombi ya kuunganisha (pull request), yaani maombi ya kuingiza badiliko katika msimbo mkuu, yaliyopokelewa tangu toleo lililopita. Vyombo hivi havibuni chochote, havitumi msimbo wako kwa modeli yoyote ya lugha, yaani akili mnemba inayosoma na kuandika maandishi, na vikiendeshwa mara kumi juu ya historia ileile vitatoa jibu lilelile mara kumi.

Masharti yake ni kwamba timu nzima iandike ujumbe kwa mpangilio mmoja, kwa mfano ule wa Conventional Commits, ambao huanza na feat kwa jambo jipya na fix kwa hitilafu iliyorekebishwa. Timu yenye nidhamu hiyo, ambayo watumiaji wake ni watengeneza programu wengine, haina sababu kubwa ya kuongeza akili mnemba. Faida ya modeli ya lugha huonekana pale ujumbe unapokuwa wa kila namna, pale komiti nane zinapokuwa kwa hakika kazi moja, na pale msomaji anapohitaji sentensi ya Kiswahili iliyokamilika badala ya mstari wa kifundi.

Nianzie wapi?

Anzia kwenye tegi. Bila tegi hakuna anayeweza kusema toleo lililopita liliishia wapi, na modeli haitaweza kukukisia hilo. Matoleo yakiwa na tegi v1.4.0 na v1.5.0, amri hii hutoa komiti zilizomo katika toleo jipya lakini hazimo katika la zamani, bila zile za kuunganisha matawi, yaani njia za kazi zinazoendeshwa sambamba:

`git log v1.4.0..v1.5.0 --no-merges`

Ongeza `--stat` ili kila komiti iambatane na majina ya faili zilizoguswa. Nyongeza hiyo ndogo husaidia kuliko maagizo marefu, kwa kuwa ujumbe usemao "marekebisho" hupata maana pale faili lililoguswa linapokuwa la hesabu ya malipo na si la rangi za kurasa.

Kazi ikifanywa na mashine ya kujengea matoleo, hakikisha kwanza kwamba mashine hiyo ina historia nzima. Katika GitHub Actions, huduma ya GitHub inayoendesha kazi kama hizo yenyewe, hatua ya kawaida ya kuchukua msimbo huleta komiti moja tu ya mwisho, mpaka uweke mpangilio wa fetch-depth kuwa 0. Usipofanya hivyo modeli itapewa karibu ukurasa mtupu, na modeli iliyopewa ukurasa mtupu bado inaweza kukurudishia daftari linalopendeza kusoma. Kabla ya kumlaumu mwandishi, angalia alichopewa asome.

Ujumbe wetu wa komiti ni mbovu: "rekebisha", "tena", "sasa inafanya kazi". Akili mnemba itaelewa?

Itaelewa kilichobadilika endapo utaipa tofauti yenyewe ya msimbo, yaani mistari iliyoondolewa na iliyoingizwa. Sababu ya kubadilika haimo humo, na hili ndilo jambo kuu katika maelezo haya yote: modeli inaweza kusoma nini kimebadilika, lakini uzito wa badiliko hilo kwa mtumiaji mara nyingi haujaandikwa popote ndani ya Git.

Chukua mfano wa komiti yenye ujumbe "rekebisha desimali". Msimbo wa zamani ulikadiria uzito hadi kilo nzima iliyo karibu, na mpya unahifadhi nafasi moja ya desimali. Modeli itaandika, kwa adabu zote, kwamba "usahihi wa uzito umeboreshwa". Sentensi hiyo ni kweli na haimsaidii mtu. Sangara aliyesoma kilo 12.6 kwenye mizani alikuwa akiandikwa kilo 13, na sasa ataandikwa 12.6. Ikiwa bei ya siku hiyo ni shilingi 10,000 kwa kilo, mvuvi aliyekuwa akilipwa 130,000 atalipwa 126,000. Aliyesoma 12.4 atapata zaidi kuliko zamani. Karani ambaye hakuonywa atajikuta katikati ya ugomvi asioujua chanzo chake, na daftari litakuwa limeandikwa na kusomwa bila kufanya kazi yake. Mstari unaofaa ungesema hivi: "Kuanzia toleo hili, uzito unahifadhiwa hadi gramu 100 badala ya kukadiriwa hadi kilo nzima, kwa hiyo malipo ya samaki mmojammoja yanaweza kupanda au kushuka kidogo yakilinganishwa na awali. Risiti za zamani hazijabadilishwa."

Ili modeli ikaribie sentensi ya namna hiyo, ipe pia maelezo ya ombi la kuunganisha na maandishi ya mteja aliyeleta hoja, kama yamehifadhiwa. Kuanzia sasa, waombe wenzako waongeze mstari mmoja chini ya ujumbe wa komiti unaojibu swali "mtumiaji ataona nini?" Mstari huo huandikwa kwa muda mfupi, na ni bora kuliko modeli yoyote ya gharama kubwa.

Maagizo kwa modeli yaandikweje?

Yawe mafupi na yenye masharti yanayoweza kukaguliwa. Mtaje msomaji kwa kazi yake, kwa mfano "karani wa mwalo asiyejua msimbo". Taja mafungu unayoyataka; yale sita ya Keep a Changelog, mwongozo wa kuandika daftari la mabadiliko ulioanzishwa na Olivier Lacan, yanafaa kwa kuanzia: yaliyoongezwa, yaliyobadilishwa, yatakayoondolewa baadaye, yaliyoondolewa, yaliyorekebishwa na ya usalama. Eleza kwamba fungu lisilo na kitu liachwe, kwa sababu modeli hupenda kujaza kila nafasi iliyo wazi. Agiza kwamba kila mstari uishie na kitambulisho cha komiti ulikotoka, na kwamba komiti isiyoeleweka iwekwe katika orodha ya pembeni ya mambo ya kuulizwa badala ya kukisiwa.

Piga marufuku maneno ya sifa. "Maboresho makubwa", "uzoefu wa kipekee" na "kasi ya ajabu" hutoka kwa wepesi mno, na hakuna karani aliyewahi kuyahitaji.

Historia ikiwa ndefu, usiitume yote kwa pamoja. Igawe kwa sehemu za programu, kama vile mizani, malipo, ripoti na mipangilio, uombe muhtasari wa kila sehemu, kisha uombe muhtasari hizo ziunganishwe. Modeli iliyopewa maandishi mengi kupita kiasi huweza kuruka yaliyo katikati bila kukuambia.

Inaweza kubuni badiliko ambalo halipo?

Inaweza, na kwa lugha fasaha kuliko ya kwako. Kubuni kwenyewe si kwa namna moja. Wakati mwingine hutaja kipengele ambacho hakikuguswa kabisa. Mara nyingi zaidi hutia chumvi, kwa mfano kusema hitilafu "imeondolewa kabisa" ilhali komiti iliongeza tu ujumbe wa kuonya.

Aina ya kwanza mara nyingi hunaswa na mashine. Kwa kuwa kila mstari una kitambulisho, programu ndogo inaweza kuangalia kama kitambulisho hicho kipo katika orodha iliyotumwa na kukataa daftari lote endapo kuna kisichokuwapo. Kitambulisho kamili cha Git kwa kawaida kina tarakimu na herufi 40, lakini saba za mwanzo hutosha katika hazina ndogo, yaani msimbo wa mradi mdogo pamoja na historia yake. Ukaguzi wa upande wa pili ni muhimu vilevile: kila komiti iliyotumwa lazima ionekane ama katika daftari, ama katika orodha ya zilizoachwa kwa sababu hazimhusu mtumiaji. Hapo utaona kama modeli imenyamazia jambo.

Aina ya pili haikamatwi na mashine. Mtu aliyeandika msimbo ndiye anayepaswa kusoma mstari unaohusu kazi yake na kuukubali au kuukataa.

Komiti zilizorudishwa nyuma zishughulikiweje?

Ziondoe wewe mwenyewe kabla ya kutuma. Kipengele kilichoingizwa Jumatatu na kurudishwa nyuma Alhamisi, ndani ya toleo lilelile, hakikumfikia mtumiaji hata mara moja, kwa hiyo komiti zote mbili hazina nafasi katika daftari. Git huandika katika ujumbe wa kurudisha nyuma kitambulisho cha komiti iliyorudishwa, hivyo kuzioanisha ni kazi ya programu fupi isiyohitaji akili mnemba. Hali ni tofauti pale kilichorudishwa kilikuwa kimetolewa katika toleo lililotangulia: hapo mtumiaji alikizoea, na kuondoka kwake ni habari kubwa.

Je, modeli iamue pia namba ya toleo?

Ipendekeze tu. Katika utaratibu wa Semantic Versioning, namba ya kwanza hupanda pale kitu kilichokuwa kikifanya kazi kinapovunjika kwa wanaokitegemea, ya pili kwa nyongeza isiyovunja kitu, na ya tatu kwa marekebisho. Kujua kama kitu kimevunjika kunahitaji kujua nani anakitegemea, na modeli haijui kwamba mhasibu mmoja ng'ambo ya ghuba, Sengerema, ameunda jedwali lake juu ya mpangilio wa safu za ripoti yako.

Msimbo na siri za wateja vitakuwa salama?

Hilo hutegemea unachotuma na unakituma wapi. Komiti hubeba jina na barua pepe ya mwandishi. Ujumbe wake huweza kubeba jina la mteja aliyelalamika au namba yake ya simu. Na tofauti ya msimbo huweza kufichua nywila iliyosahaulika ndani ya faili la mipangilio. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sheria hiyo inagusa pia usafirishaji wa taarifa binafsi nje ya nchi, jambo linalotokea unapotuma maandishi kwa seva iliyoko ughaibuni. Kwa hiyo toa majina na barua pepe kabla ya kutuma, kwani daftari la mabadiliko halihitaji kujua nani aliandika nini. Chuja namba za simu. Endesha chombo cha kutafuta nywila juu ya historia, na ukiikuta moja, ibadilishe hata kama hujatuma chochote, maana kila mwenye nakala ya hazina ameshaipata.

Pale mkataba unapokataza msimbo kutoka nje, zipo modeli zilizo wazi zinazoweza kuendeshwa kwenye kompyuta ya ofisini kwa vyombo kama Ollama au llama.cpp. Modeli ndogo huandika Kiswahili kilicholegea zaidi, ila kazi ya kugawa komiti katika mafungu huimudu vya kutosha, na sentensi za mwisho unaweza kuziandika mwenyewe.

Jambo jingine husahaulika. Kama mradi wenu unapokea msimbo kutoka kwa watu wa nje, ujumbe wa komiti ni maandishi ya mtu msiyemjua, naye anaweza kuandika ndani yake maagizo yanayoilenga modeli, kwa mfano kuiambia isitaje faili fulani. Usiipe modeli hiyo uwezo wa kuchapisha, kufuta wala kuweka tegi. Iandike rasimu, basi.

Marekebisho ya usalama yatajwe kwa undani gani?

Yatajwe kwa kiasi cha kumfanya mtumiaji ahuishe programu yake, bila kumwonyesha mwizi mlango. Modeli iliyosoma tofauti ya msimbo inaweza kueleza kwa furaha namna hasa udhaifu ulivyoweza kutumiwa, wakati nusu ya mialo bado iko kwenye toleo la zamani. Mistari ya fungu hili iandikwe na mtu.

Daftari liandikwe kwa Kiswahili moja kwa moja, au kwa Kiingereza kisha litafsiriwe?

Moja kwa moja, ikiwa wasomaji ni Waswahili. Rasimu iliyopitia Kiingereza hurudi na sentensi za kutendwa zisizo na mtenda, na majina ya vitufe ambayo hayapo kwenye skrini. Dawa yake ni kuipa modeli orodha ya maneno yanayoonekana ndani ya programu yenyewe: kama kitufe kimeandikwa "Pokea mzigo", daftari nalo liseme "Pokea mzigo", na kama dagaa hupokelewa kwa ndoo na sangara kwa kilo, vipimo hivyo visibadilishwe kuwa "vizio".

Gharama ni kubwa?

Kwa timu ndogo inayotoa toleo mara moja kwa mwezi, hapana. Watoa huduma wengi hutoza kwa tokeni, yaani vipande vya maneno, na Kiswahili hukatwa katika vipande vingi zaidi kuliko Kiingereza kwa maana ileile. Lakini sehemu kubwa ya unachotuma ni msimbo, na daftari lenyewe ni fupi. Tumia tofauti nzima ya msimbo kwa komiti zisizoeleweka tu.

Watumiaji wetu hawafungui daftari. Tuwafikishieje?

Kwa ujumbe wa simu na kwa karatasi ya ubaoni, na hapa modeli inafaa sana kufupisha. Ombi liwe: mambo mawili yanayobadilisha kazi ya karani, katika herufi zisizozidi 160, kwa kuwa hicho ndicho kipimo cha ujumbe mmoja wa kawaida wa SMS.

Kuna mtego wa kifundi unaostahili kutajwa. Kiswahili huandikwa kwa herufi zilizomo zote katika seti ya kawaida ya SMS, lakini modeli hupenda kuweka alama ya ritifaa iliyopinda badala ya ile iliyonyooka, pamoja na vistari virefu. Alama moja ya namna hiyo, labda katika neno ng'ambo au jina la Nyang'hwale, inatosha kuubadili ujumbe wote utumwe kwa mfumo unaobeba herufi 70 tu, na ujumbe uliokuwa mmoja ukatozwa kama miwili au mitatu. Badilisha alama hizo kwa programu kabla ya kutuma. Kuiomba modeli isizitumie hakutoshi.

Chagua pia siku. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapong'aa wavuvi wengi hupumzika, kwa hiyo siku hizo ndizo makarani wa Igombe au Kayenze wanapopata nafasi ya kusoma tangazo na kujaribu toleo jipya bila foleni ya ndoo mbele yao. Ratiba ya mwezi haimo katika Git.

Tuna historia ya miaka mingi isiyo na daftari. Tuiandalie yote?

Sipendekezi. Watu walioandika komiti za zamani huenda wameshaondoka, na hakuna wa kuthibitisha mistari itakayotoka, hivyo utakuwa na kurasa nyingi zinazosomeka vizuri na zisizo na shahidi. Rudi nyuma hadi toleo la zamani kabisa ambalo bado linatumika kwa mteja hata mmoja, kwa kuwa huyo ndiye atakayehitaji kujua nini kimetokea kati ya toleo lake na la sasa. Kabla ya hapo andika mstari mmoja tu unaosema kwamba mabadiliko ya matoleo yaliyotangulia yanapatikana katika historia ya Git, na utaje tegi ambayo daftari linaanzia.